Ndama wa Ngozi

Ebla hakuwahi kumwamini mtu mwenye viatu safi. Vumbi la Takaba halina adabu: huingia kwenye sukari, huingia masikioni mwa mbuzi, humfuata mtu mpaka kitandani. Mtu ambaye vumbi humkwepa ama ni mgeni aliyeshuka garini sasa hivi, ama ana mambo yake. Na Ugaas Korane hakuwa mgeni. Babu zake saba walikuwa Ugaas kabla yake, wakubwa wa ukoo kwa kurithi, watu ambao wazee huinuka wakipita na kiti chao hakikaliwi hata wakiwa safarini. Viatu vyake vilikuwa vyeupe asubuhi na vyeupe jioni. Yale majani mabichi aliyovishwa kichwani siku ya kutawazwa, miaka tisa nyuma, aliyatundika juu ya mlango wake. Misimu minne ya mvua ilikuwa imepita bila tone, ngamia wanatafuna maboksi, na majani yale bado yalikuwa mabichi.

Watu walisema ni baraka. Ebla alisema, kimoyomoyo, kwamba baraka haina haja ya kutundikwa mlangoni ili ionekane.

Visima vyote vya upande ule vilikuwa vimekauka, isipokuwa kimoja tu, cha Ugaas. Kwamba kulikuwa na uganga pale, hakuna aliyebisha. Imamu alisema neno lake Ijumaa, neno kali kweli, kisha alasiri akatuma mitungi yake minne kisimani kama wenzake. Kiu haina masikio.

Haya yote Ebla angeweza kuyatazama kwa mbali na kuuza maziwa yake sokoni kwa amani. Lakini sasa Ugaas Korane alikuwa amemrudisha kaka yake Ebla nyumbani.

Deeq aliondoka miaka minne iliyopita, ana miaka ishirini, juu ya lori la mbuzi, kwa nia ya kufika Sudan, na kutoka Sudan kufika Libya, na kutoka Libya kufika wanakofika watu. Mwaka wa pili simu ya Ebla ililia. Alikuwa kijana asiyemjua, sauti imekauka, akasema alisafiri na Deeq jangwani na kwamba amemzika kwa mikono yake mwenyewe, amemsomea alivyojua. Ebla aliipokea simu ile nyuma ya zizi. Alipomaliza aliifuta namba, akafuta uso kwa mtandio, akaingia ndani na kumwambia mama yake, "Hooyo, Deeq anakusalimia. Amepata kazi."

Hooyo ndivyo wanavyoita mama huko, na yule mama, Anab, hakuwa na mtoto mwingine ila hao wawili. Ebla alimwonea huruma, ndiyo, lakini tuseme ukweli: alijionea huruma yeye zaidi. Hakuweza kusema. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alitunga ujumbe na kumsomea mama kutoka kwenye simu. Deeq amepona mafua. Deeq amenunua koti. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Ebla ilikwenda miaka miwili. Kisha Hooyo akaanza kuomba kusikia sauti, na visingizio vikaisha, na mama akalala amegeukia ukuta, chai inapoa kando yake, na nyama ya mwili ikawa inamtoka.

Ndipo Ugaas alipokuja, kwa miguu yake, na viatu vyake. Hakukaa. Aliomba kitu kimoja tu: macawis ya Deeq, ile shuka ya kiunoni ambayo kijana aliiacha imekunjwa juu ya sanduku. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Deeq alitoka vichakani akitembea, ameifunga shuka ile, akasema, "Hooyo, nimerudi."

Hooyo aliinuka kitandani na kuagiza chai.

Ebla alibaki amesimama na chupa ya maziwa mkononi. Angesema nini? Kwamba huyu si Deeq, Deeq alikufa? Na wewe umejuaje, binti, na kila Ijumaa ulikuwa unatusomea salamu zake? Kamba aliyoisuka mwenyewe ndiyo iliyomfunga mdomo.

Basi akaanza kumchunguza. Deeq huyu alicheka kama Deeq, alikuna shingo kama Deeq. Lakini aliondoka na miaka ishirini na amerudi na miaka ishirini. Ndevu hazikuongezeka hata moja. Sahani yake ilirudi jikoni imejaa. Hakutoka jasho, na hapo Takaba hata mawe hutoka jasho. Siku moja Ebla alipitisha pua karibu na bega lake kana kwamba anaokota kitu, akasikia harufu ambayo mikono yake iliijua kabla ya kichwa chake. Harufu ya chumvi na nyasi kavu.

Kila aliyekua na ngamia anaijua. Ngamia akifiwa na ndama hufunga maziwa. Unaweza kumsihi mpaka jua lizame, hatoi. Kwa hiyo wafugaji huchuna ngozi ya yule ndama, huijaza nyasi, huipaka chumvi, kisha mtu mmoja huisimamisha karibu na mama yake. Ngamia hulamba chumvi, hunusa, hulegea, na maziwa hushuka, na mtu wa pili hukamua. Ebla alipokuwa msichana kazi yake ilikuwa kuisimamisha ngozi. Alikuwa hodari. Alijua kuisukuma kidogo kidogo, kama ndama anayetaka kunyonya.

Alimjaribu. Waliketi kivulini, Hooyo amelala ndani, na Ebla akasema, "Walaal, ndugu yangu, unamkumbuka yule mbuzi mweupe tuliyesema kaliwa na fisi?" Mbuzi yule waliwahi kumpoteza wakicheza, wakaapishana wasimwambie mama mpaka kaburini. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili duniani.

Deeq alitabasamu. "Mbuzi gani, abaayo, dada yangu?"

"Wewe niambie."

"Nimesahau," akasema, na tabasamu halikuondoka, lilibaki pale pale kama kitu kilichoshonwa.

Ebla akaelewa kwamba mtu huyu alijua yale tu ambayo Hooyo aliyajua. Alikuwa ametengenezwa kwa mama yake. Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, na usiku ule hakupata usingizi.

Kukicha alimfuata Hooyo. Maana kila asubuhi, tangu Deeq arudi, mama alikuwa anakwenda kisimani kwa Ugaas, na akiulizwa husema anakwenda kushukuru. Ebla alijificha nyuma ya tangi la plastiki. Aliwaona wanawake na mitungi yao ya njano wamekaa mbali, kimya, wakitazama ardhi. Alimwona Hooyo akiketi kwenye kigoda kwenye mdomo wa kisima, Ugaas amesimama nyuma yake na fimbo yake. Hooyo aliinama akaanza kuongea na kisima, polepole, huku akitabasamu. Ebla alisikia maneno machache: birika, chai ya moto, mkono wake mdogo, nililia kuliko yeye. Kisha chini kule maji yakasikika yakipanda. Wanawake wakainuka na kamba zao.

Jioni Ebla alimshika Deeq mkono mbele ya mama. Juu ya kifundo palikuwa na kovu. "Hooyo, hebu tuambie tena aliungua vipi."

Hooyo alilitazama kovu lile kwa makini, kwa heshima kama mtu anayetazama mali ya jirani. "Aliungua? Lini?"

Kumbe ndiyo hiyo bei. Hooyo alikuwa anakisimulia kisima kumbukumbu za mwanawe, na akishazisimulia hazirudi tena. Maji yale waliyokunywa Takaba nzima, na mbuzi wao, na imamu, yalikuwa Deeq.

Wa kwanza kurudishiwa mtoto hakuwa Hooyo. Alikuwa Sharifo, mama mmoja wa upande wa pili wa barabara. Watu walisema mwanawe ameondoka tena, amekwenda zake Nairobi, na mama kazeeka tu. Ebla alimpelekea maziwa kesho yake, akamkuta ameketi mlangoni, vidole vimechimba mchanga. "Wewe ni wa nani?" Sharifo akamuuliza, na alipojibiwa akauliza tena. Ndani, penye giza la mchana, shuka ya kiume ilikuwa imeegeshwa ukutani, imejaa nyasi kavu, imefungwa kiunoni vizuri. Ebla aliacha maziwa yote pale na hakusubiri chupa.

Alikimbia nyumbani, na safari hii hakutafuta maneno mazuri. Alimfukuza Deeq nje aende kutazama mbuzi, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Hooyo, nisamehe. Deeq alikufa. Nilipigiwa simu, ni miaka miwili sasa. Zile salamu zote nilizitunga mimi."

Hooyo alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Najua," akasema. "Ulikuwa nyuma ya zizi. Zizi ni la miti, Ebla, si la mawe. Nilisikia kila kitu."

"Sasa mbona uliniacha nikusomee?"

"Ulikuwa unasoma huku unatetemeka. Nikasema, huyu mtoto anahitaji ndama wa kuegemea. Nikakaa kimya. Mpaka nikachoka."

"Na huyu je? Huyu wa nje?"

"Wewe unadhani ngamia hana pua?" Hooyo akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye mchele. "Ngamia anajua, binti yangu. Ananusa mara moja tu, anajua. Lakini maziwa yakikaa kiweleni yanauma. Mimi nilikuwa naumwa usiku na mchana. Sasa angalau watu wanakunywa."

Ebla alilia kwa hasira. "Ndama wa kweli huachiwa chuchu mbili, watu wakakamua mbili. Ndiyo sheria. Lakini wa ngozi hanyonyi, Hooyo! Ngamia mwenye ndama wa ngozi hukamuliwa zote nne mpaka atoke damu. Nimemwona Sharifo."

Mama yake akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. "Nimebakiwa na moja," akasema mwishowe. "Siku aliyozaliwa. Mvua ilikuwa inanyesha, na baba yenu akamfungia kitovu chake kwenye mkia wa ngamia mchanga, ili ngamia yule awe wake. Ngamia alikuwa analia na mtoto analia. Hiyo ndiyo iliyobaki. Kesho ninaitoa, halafu nitapumzika."

Ebla alijua kupumzika kwenyewe. Alikuwa amekuona mlangoni kwa Sharifo, vidole mchangani.

Alikwenda kwa Ugaas alasiri ile ile, akapita chini ya majani mabichi bila kuinamisha kichwa. Nyumba ilikuwa na vyumba saba na ukimya mwingi. Ugaas Korane alikuwa ameketi kwenye kiti cha babu zake, pete ya fedha kidoleni, na hakuonekana kushangaa. Hilo nalo Ebla hakulipenda.

"Binti Anab. Karibu."

"Sijakuja kukaribia. Mwache mama yangu."

"Mama yako simwiti. Anakuja."

"Unamkamua chuchu nne."

Ugaas alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za mtoto wake mtundu. "Kuna watu elfu mbili na mia tatu hapa," akasema. "Lori la maji lilikuja mara moja tangu mwaka uanze. Nihesabie wewe, binti, nani afe kwanza." Kisha akaonyesha milango iliyofungwa ya korido. "Mimi nilianza na kumbukumbu zangu. Nina vyumba saba. Vitano vina vitanda, na sijui nani alilala humo. Kimoja kina viatu vya mtoto wa kike. Nimevitazama sana."

Alisema kwa huzuni. Lakini alisema kwa ufasaha pia, kama mtu aliyewahi kuyasema maneno yale kwa wengine, na Ebla hakujua aamini huzuni au atilie shaka ufasaha. Huenda vyote vilikuwa kweli. Huenda viatu vile alivinunua sokoni El Wak.

"Chukua yangu," Ebla akasema. "Badala ya ile moja ya mama. Na asikanyage tena kisimani."

"Kisima hakili makombo. Kinataka kile kinachouma kuliko vyote. Kwako ni kipi?"

Alikuwa akijua, mzee yule. Ebla aliliona jibu kwenye uso wake kabla hajalipata mdomoni.

"Simu," Ebla akasema.

"Uchungu uliofichwa miaka miwili," akasema Ugaas. "Huo utatufikisha mvua."

"Nikiisahau ile simu, nitaamini yule mtu wako wa nyasi ni kaka yangu. Na hapa Takaba nzima hakuna mwingine anayekupinga ila mimi." Alimkazia macho. "Pengine hicho ndicho ulichokitaka tangu siku ulipokuja kuchukua shuka."

Ugaas Korane aliitazama pete yake. "Inawezekana," akasema. "Maji yatapanda vile vile."

Ebla alimwapisha. Aliyashusha yale majani kutoka mlangoni, akamwekea mkononi, akamwapisha kwa babu zake saba mmoja mmoja kwamba Anab hataketi kwenye kigoda kile maisha yake yote. Aliapa bila kusitasita. Hata kutositasita kule kulimtia Ebla wasiwasi.

Kabla ya kwenda kisimani asubuhi alifikiri namna ya kujiachia alama. Aliandika ujumbe kwenye simu: *Deeq alikufa, huyo ni ngozi.* Akausoma, akaufuta. Kwa miaka miwili simu ile ile ilikuwa imesema uwongo kila Ijumaa. Nani angeiamini leo? Akatafuta kitu ambacho mikono inakijua bila kufundishwa. Akachukua madonge matatu ya chumvi, akayafunga kwenye pembe ya mtandio wake kwa mafundo matatu. Akajisemea mara nyingi, njia nzima: ukiikuta chumvi, mnuse. Ukiikuta chumvi, mnuse.

Hooyo alikuwa ameshafika. Alipomwona Ugaas akiweka fimbo mbele ya kigoda kumzuia, na kumwona binti yake akiketi pale, alielewa, akapiga kelele, "Ebla, usifanye! Mimi nimekwisha ishi!" Wanawake wawili wakamshika. Ebla hakugeuka, maana angegeuka angeinuka. Aliinamia giza lile lenye baridi, akaanza kusema: nilikuwa nyuma ya zizi, jua la saa tisa, simu ikalia, namba sikuijua.

Maji yalipanda mpaka yakalowesha vidole vya miguu yake.

Alisimama akijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, na kidogo akaona haya kwa kuwa watu wote walikuwa wakimtazama. Pengine amepatwa na kizunguzungu cha jua. Ugaas alikuwa kando, mzee wa watu, na mtandio wa Ebla ulipodondoka aliuokota mwenyewe na kumpa kwa mikono miwili. Mzee ana adabu, Ebla akawaza. Na viatu vyake, mashallah, visafi kweli! Akamshukuru kwa maji, akajaza mitungi miwili, akamshika mama yake mkono wakarudi nyumbani. Hooyo alitembea kama mgonjwa.

Deeq alikuwa langoni. Ebla aliweka mitungi chini na kumkumbatia kwa nguvu, mbele za watu, bila aibu. "Walaal, mwezi mzima uko nyumbani na mimi nakununia kama mke mwenza! Nisamehe. Sijui nilikuwa na nini." Shingo yake ilinukia nyasi. Kijana wa porini, atanukia nini kingine.

Alipika yeye siku hiyo: wali, na mchuzi wa mbuzi wa mwisho mwenye nyama. Akiwa anakoroga, mkono wake uligusa kitu kigumu kwenye pembe ya mtandio. Mafundo matatu. Aliyafungua kwa meno, moja baada ya moja, akakuta madonge ya chumvi, akayatazama kiganjani kwa muda. Kulikuwa na kitu. Kilikuja mpaka karibu, kikasimama, kikarudi. Akacheka.

"Hooyo, tazama mwanao anavyozeeka. Nimefunga chumvi nguoni na sijui ya nini."

Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono mapajani. Aliiangalia ile chumvi kwa muda mrefu. Alifungua mdomo. Ebla alingoja, uso wake umetulia, uso ambao Hooyo hakuwa ameuona tangu ile simu, na Hooyo akaufunga mdomo wake.

"Ya mchuzi," akasema. "Ya nini tena?"

Ebla akaitia yote chunguni. Akapakua, akaita watu waje kula, akamshangaa mama yake ambaye machozi yalikuwa yanamchuruzika. Hooyo akasema ni moshi. Kisha akamshika Deeq begani, akamsukuma kidogo kidogo upande wa dada yake.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Kaa karibu naye."